Tamathali Zinapokataa: Dalili, Vyanzo na Marekebisho

Mwongozo huu ni wa mtu anayezijua tamathali kwa majina yake, ambaye akiulizwa tofauti ya tashbihi na sitiari anaitaja bila kusita, lakini akiandika aya yake mwenyewe anaiona imelala. Sitafafanua istilahi upya. Nitakwenda kama fundi anavyokwenda na mashine iliyoletwa karakana: kwanza inalia vipi, kisha kilicholegea ni kipi, kisha kinakazwaje. Kuhusu majina yenyewe, msomaji asibabaishwe na tofauti za vitabu, kwa kuwa kinachoitwa tashbihi katika madarasa ya Kenya huandikwa tashibiha katika vitabu vingi vya Tanzania, na chuku ya huku ni mubaalagha ya kule, ilhali ugonjwa ni uleule.

Kabla ya lolote, isome aya yako kwa sauti, tena kwa sauti ya kusikika na mtu aliye chumba cha pili. Weka alama ya penseli kila mahali ulipojikwaa, kila mahali ulipoharakisha kwa aibu, na kila mahali uliposikia maneno ya mtu mwingine yakitoka kinywani mwako. Alama hizo tatu zina tiba tatu tofauti, na anayezichanganya hutibu mguu kwa dawa ya jicho.

Tashbihi ipo, lakini msomaji haoni kitu

Hii ndiyo kesi inayoletwa mara nyingi kuliko zote. Mhusika ametimua mbio kama swara, amelia machozi njia mbili mbili, amekuwa mrembo kama malaika, na meno yake ni meupe kama theluji. Sarufi haina kasoro, viunganishi vya mlinganisho vimo, na mtahini akitafuta tamathali atazipata. Hata hivyo msomaji anapita juu ya sentensi hizo kama apitavyo juu ya tangazo alilokwisha kuliona ukutani mara mia.

Kipimo ni rahisi. Mwondoe mhusika, weka mwingine mahali pake. Ikiwa swara yule anamfaa mwizi, mwanafunzi aliyechelewa na bibi aliyefukuzwa na nyuki, basi hamwelezi yeyote kati yao. Chanzo chake ni kwamba mwandishi alichagua tashbihi kabla ya kumtazama mtu anayemwandika. Theluji ni ushahidi mzuri wa jambo hili: ipo Kilimanjaro na ipo Mlima Kenya, lakini mtoto wa Tanga aliyeandika theluji hakuishusha kutoka huko, aliinakili kutoka orodha aliyopewa aikariri. Angalitazama jikoni kwao angalipata muhogo uliomenywa sasa hivi, ambao una weupe wake wa pekee, wenye unyevu, na ambao msomaji ameushika kwa mkono.

Marekebisho yanaanza kwa kuifuta tashbihi yote na kuandika, kwa maneno makavu, kitu mhusika alichofanya kwa mikono yake. Mwandishi mmoja aliniletea sentensi hii kuhusu mama anayesubiri habari za mgonjwa: *Alikuwa na huzuni kubwa kama bahari.* Nilimwuliza mama huyo alikuwa ameshika nini. Akafikiri, akasema leso. Alikuwa anaifanya nini? Sentensi iliyotoka baada ya maswali hayo ni hii: *Aliikunja leso yake, akaikunjua, akaikunja tena kwa mikunjo ileile, kama mtu anayetafuta shilingi aliyoifunga pindoni.* Tashbihi bado ipo, lakini sasa imefungwa kwenye leso ile na vidole vile. Huwezi kumpa mwizi anayekimbia. Neno huzuni limetoweka na hakuna aliyelikosa.

Tanbihi moja kwa wanaoandika insha za mtihani: sisemi kwamba mlinganisho uliozoeleka ni dhambi. Katika simulizi ya haraka, mbio za swara zinaweza kupita bila kumdhuru mtu. Zinadhuru pale unapotaka msomaji asimame.

Picha mbili zinagombana ndani ya sentensi moja

Dalili: sentensi inasikika nzito na ya kishairi, lakini ukimwomba msomaji achore alichokiona, anashindwa. *Umaskini ni pingu iliyozimeza ndoto zake na kuzikausha kabla hazijachipua.* Pingu haina koo. Kilichomezwa hakikaushwi, na kinachochipua ni mbegu, ambayo haikutajwa popote.

Hapa mwandishi hakukosa picha, alikuwa nazo tatu na hakutaka kuiacha hata moja. Chagua ile iliyokuja kwanza, kwa sababu mara nyingi ndiyo uliyoiona kwa kweli, kisha uifuate hadi mwisho wa sentensi bila kuangalia pembeni. Ukibaki na pingu, jiulize pingu humzuia mtu kufanya nini: *Umaskini ulimfunga pingu, na hata siku alipoambiwa anyooshe mkono apokee barua ya kazi, mkono haukufika.*

Sitiari inasema kinyume cha ulichokusudia

Dalili hii huja na kicheko kisichotarajiwa. Mwandishi wa habari anaandika kwa heshima zote kwamba mkono mrefu wa sheria umemnasa mhalifu, na mzee anayesikiliza anauliza: kwani sheria nayo ni mwizi? Kwa Kiswahili mwenye mkono mrefu ni mdokozi, na picha iliyobebwa mzimamzima kutoka lugha nyingine imeikuta nahau yetu imekwisha kukaa kitini.

Kesi ya pili ni ya moyo. Kijana aliyeachwa na mchumba anaandika kwamba moyo wake ulivunjika vipande vipande, naye hajui kwamba kuvunjika moyo, katika matumizi ya wazungumzaji wengi, ni kukata tamaa, jambo linaloweza kumpata hata mkulima aliyekosa soko la vitunguu. Maumivu ya mapenzi yana viungo vyake katika lugha hii, na ini limo miongoni mwa vya kwanza: maneno yanayouma hukata maini, na nyongo mkalia ini ni usemi ambao waimbaji wa taarabu hawajauchoka.

Chanzo ni kufikiri picha katika lugha moja na kuivalisha maneno ya lugha nyingine. Kipimo changu ni kumsomea sentensi mtu asiyesoma vitabu vya lugha hiyo nyingine, na kumwuliza ameelewa nini, bila kumsaidia. Jibu lake likitofautiana na kusudio lako, usimsahihishe yeye.

Kitu kinageuka mtu katikati ya sentensi

*Upepo ulikasirika, akaanza kuvunja matawi.* Tashihisi imeanza katika ngeli ya upepo na kumalizikia katika ngeli ya mtu. Mwandishi hajaamua kama upepo ni mhusika au ni hali ya hewa. Katika hadithi ambamo Jua na Upepo wanabishana, wape herufi kubwa na upatanisho wa watu tangu mstari wa kwanza. Katika maelezo ya kawaida, acha ngeli yake ya asili ifanye kazi: upepo *ulinong'ona*, mto *ulinuna*. Usichanganye. Na jua limetabasamu vya kutosha katika insha za nchi hizi; lipumzishwe.

Tanakali zinachekesha mahali pa kuogofya

Kiswahili kina utajiri wa tanakali za sauti, na utajiri huo una masharti yake. Kitu kikianguka majini ni chubwi, kikianguka matopeni ni tapwi, kikianguka mchangani ni tifu, na kizito kikibwagwa chini ni pu. Sauti imefungwa kwenye mahali na kwenye uzito. Anayeandika kwamba jiwe lilianguka mtoni pu, amemwambia msomaji mwenye sikio kwamba mto ulikuwa umekauka.

Lakini kosa la kawaida zaidi si kuchagua sauti isiyofaa. Ni kuizidishia mzigo. Tazama: *Ndoo ilianguka kisimani kwa kishindo kikubwa sana, chubwi!!!* Kishindo kimekwisha kutangazwa kabla ya kusikika, kimesifiwa ukubwa, kikasifiwa tena kwa *sana*, na sauti yenyewe inapofika inakuta watu wamekwisha kuondoka. Alama tatu za mshangao ni mwandishi anayepiga kelele kwa niaba ya ndoo. Sasa ipange upya ili sauti ichukue nafasi ya kitenzi badala ya kukifuata nyuma: *Ndoo ilimponyoka, ikagonga ukuta wa kisima mara mbili, ikanyamaza. Kisha, chini kabisa: chubwi.* Kina cha kisima hakikutajwa kwa mita, lakini kimo katika ule ukimya kati ya kuugonga ukuta na kuyafikia maji. Tanakali hufanya kazi vizuri inapopewa ukimya wa kutokea.

Kuna kundi la pili ambalo vitabu huliita tanakali ilhali halina sauti yoyote: nyeupe pe, nyeusi ti, giza totoro, kimya jii, kulala fofofo, kufunga ndi, kulowa chepechepe. Weupe hausikiki. Maneno haya, ambayo sarufi huyaita vielezi viigizi, huigiza kiwango, na maana yake ni kwamba jambo limefika mwisho wake. Kwa sababu hiyo hayavumilii kupunguzwa wala kuongezwa. *Nyeupe pe kidogo* haiwezekani, na *giza totoro sana* ni mtu aliyefika ukutani akaendelea kutembea. Yatumie mara chache. Aya yenye viigizi vitatu haina kilele, kwa kuwa kila kitu ndani yake kimekwisha kufika kileleni.

Umerudia sauti, lakini hakuna aliyesikia

Sehemu hii inahitaji subira, kwa sababu chanzo chake kimo ndani ya sarufi yenyewe. Wanafunzi huambiwa kwamba kurudia konsonanti au silabi moja katika maneno yanayofuatana huleta muziki, nao huandika wakitarajia muziki, wasiupate. Hebu tusome sentensi hii ya kawaida kabisa: *Watoto wale wawili wadogo walikuwa wanawachekesha wazazi wao.* Silabi *wa* imo mara kumi, na hakuna msomaji hata mmoja atakayesema kwamba amesikia takriri. Amesikia upatanisho wa kisarufi, yaani lugha ikitimiza wajibu wake.

Basi Kiswahili kinakupa marudio bure, na cha bure hakisikiki. Takriri ya viambishi awali huzama katika kelele za ngeli. Inayosikika ni ile iliyomo katika mashina ya maneno, mahali ambapo sarufi haikulazimishi. Methali zinajua hivyo tangu zamani: katika *haba na haba hujaza kibaba* silabi *ba* inarudi mara nne na zote zimo katika mashina; katika *haraka haraka haina baraka* mkia *raka* unakuja mara tatu, na mara ya tatu umebadili maana ya safari nzima.

Kurekebisha, piga mstari chini ya mashina pekee, uone kama yana undugu wa sauti. *Upepo uliigusa nyumba, ukaingia kila mahali palipokuwa na nafasi* ina mashina yasiyojuana. *Upepo ulipapasa mapaa, ukapenya kila penye upenyo* ina *p* inayorudi, na kila *p* hufunga midomo na kuiachia kwa pumzi kidogo, jambo ambalo upepo nao unalifanya katika sentensi hiyo. Sauti imepata sababu. Ungerudia *p* ileile katika sentensi ya mtu anayesaga mahindi, ingebaki mchezo wa maneno, jamaa ya vitanza ndimi, ambavyo vina heshima yake lakini kazi yake ni kumfanya mtu ateleze ulimi.

Kasoro nyingine ndogo katika eneo hili ni kurudia neno lisilo na uzito. Ukirudia *alikuwa* mara nne umeonyesha uchovu. Ukirudia *alingoja* mara nne, kila mara kwa kitu kingine, saa zinaanza kupita.

Shairi linachechemea ingawa umehesabu

Mtunzi analalamika: amehesabu mizani, yaani silabi, kumi na sita katika kila mshororo, nane za ukwapi (nusu ya kwanza) na nane za utao (nusu ya pili), na bado shairi likiimbwa linakwama. Kasoro hii niliijua kwa aibu yangu mwenyewe. Niliwahi kutunga shairi la harusi, nikampa mwimbaji, naye akafika mshororo wa tatu akakosa pumzi mbele ya watu. Karatasi ilikuwa inapendeza. Mizani iliyozidi haionekani kwa macho.

Chukua ubeti huu wa mwanafunzi, mishororo miwili ya kwanza:

*Mvua imenyesha jana, imezoa zetu mbegu,*
*Shambani tumekutana, kila mtu na uchungu.*

Ukwapi wa mshororo wa kwanza una mizani tisa. Mwanafunzi alihesabu *mvua* kuwa mbili, kwa sababu mdomo wake huipitisha *m* haraka, kumbe ni tatu: m-vu-a. *M* ya namna hii ni silabi kamili, kama katika m-tu, m-ti na m-cha-na. Katika mbu-zi, nde-ge na nji-a, king'ong'o kimeshikamana na konsonanti inayokifuata na hakihesabiwi peke yake, lakini katika n-chi, n-ne na m-bwa kinahesabiwa, kwa kuwa mkazo wa neno umekiangukia. Mahali panapowanasa hata wazoefu ni hapa: mtu mbaya ni m-ba-ya, mizani tatu, na nyumba mbaya ni mba-ya, mizani mbili, ingawa maandishi ni yaleyale. Irabu mbili zinazofuatana nazo huhesabiwa kila moja: ka-a, hu-u, mu-u-nga-no.

Kasoro ya pili imo katika vina. *Mbegu* inaishia na *gu*, *uchungu* inaishia na *ngu*, na sikio lililolelewa kwenye mashairi halizikubali kuwa ndugu. Kina ni silabi nzima, na king'ong'o ni sehemu yake. Ubeti uliorekebishwa ulikuwa hivi:

*Mvua kubwa ya jana, imezoa zetu mbegu,*
*Shambani tumekutana, kila mtu na magugu,*
*Wazee watazamana, wanaulizana: ndugu,*
*Tutapanda nini tena, mwaka huu wa vurugu?*

Hesabu imetimia, na *magugu* yameleta kitu cha kuonekana mahali palipokuwa na jina tupu la hisia. Msomaji mkali atasema kwamba *tumekutana* na *watazamana* ni vina vya mteremko, kwa kuwa kauli ya kutendana humpa mtunzi *na* bila jasho, na nitakubali. Vitenzi vyetu vyote vya Kibantu huishia na irabu, na vingi vyao na *a*, kwa hiyo kina rahisi kiko mlangoni kila wakati. *Jana* na *tena* ndivyo vinavyoubeba ubeti huo. Ukiona vina vya kati vyote vinne ni vitenzi vya kauli moja, badilisha angalau viwili.

Anayeanza hana haja ya kujitesa na shairi la mizani kumi na sita. Utenzi una vipande vinne vya mizani nane kwa kila ubeti, nao hufundisha hesabu upesi. Sharti lake gumu ni kile kina cha mwisho kinachorudi katika kila ubeti hadi kazi iishe, kwa hiyo kichague chenye maneno mengi, kama *ya* au *ni*, kabla hujaandika neno la kwanza. Sheria hizi mshairi Kaluta Amri Abedi alizipanga wazi katika kitabu chake cha mwaka 1954, na wako waliozikataa waziwazi miaka ya 1970 kwa ajili ya mashairi huru. Kukataa ni haki ya mtunzi. Lakini sikio linatofautisha aliyeiacha mizani na aliyeshindwa nayo, kwa kawaida kabla ya ubeti wa pili.

Msomaji hafumbui fumbo

Washairi wa Lamu na Mombasa wa karne ya 19 walijibizana kwa mafumbo makali, na mafumbo yale yalipenya kwa sababu kila msikilizaji alijua ugomvi ni wa nani na nani. Jazanda, yaani picha ya kifumbo, inasimama juu ya maarifa ya pamoja. *Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani* ni picha safi kwa aliyepanda jahazi na kujua kwamba tezi ni nyuma, omo ni mbele na ngama ni tumboni mwa chombo yanakokusanyika maji. Kwa msomaji aliyekulia Kakamega ni maneno matatu magumu yanayofuatana. Kabla ya kulaumu uvivu wa wasomaji, hakikisha umewapa mahali pa kuingilia: tukio moja la wazi mwanzoni, ambamo chombo ni chombo kweli, na mtu anakunja tanga kweli. Baada ya hapo kifumbe upendavyo.

Methali zimejaa

Punguza hadi moja. Usiieleze baada ya kuitaja, na usiwasingizie wahenga.

Umerekebisha yote, na aya bado imekufa

Chanzo kinachosahaulika ni kwamba huenda jambo lenyewe halikuhitaji tamathali. Msichana mmoja aliandika juu ya usiku ambao habari za msiba ziliwafikia nyumbani, na katika mistari mitano alikuwa na radi, mkuki, bahari na kisu. Tulifuta kimoja kimoja, tukisoma kwa sauti baada ya kila mfuto, hadi tukabaki na haya: *Simu ililia saa kumi alfajiri. Mama alisikiliza, akasema ndiyo mara tatu, akairudisha simu mezani, akaanza kufagia sebule.*

Aliniomba arudishe angalau tanakali moja, asionekane hakujitahidi. Tulijaribu. Sauti ya fagio la chelewa juu ya sakafu ya saruji, kwa kadiri masikio yetu mawili yalivyoweza kuisikia, ni shaa, shaa. Akaiweka mwisho wa sentensi, akaisoma, akaihamishia mwanzoni mwa sentensi iliyofuata, akaisoma tena. Ikabaki hapo.